Themostati huomba: safari ya volti 24 hadi kiyoyozi cha paani

Mwaka juzi niliitwa kwenye ukumbi mmoja wa sherehe Nairobi. Ukumbi huo unapozwa na kiyoyozi kimoja kikubwa kilichokaa juu ya paa, tani 10, kompresa mbili, yaani pampu za kubana gesi, ndani ya sanduku moja. Themostati ya ukutani ilikuwa imewekwa nyuzi 23, lakini kila watu walipojaa joto lilipanda hadi 26 likagota hapo. Msimamizi alinipokea mlangoni akiwa ameshachoka na mafundi. "Fundi, hii AC imetumaliza. Gesi tumejaza mara mbili, na bado wageni wanajipepea na kadi za harusi."

Nilipanda juu na mita na bisibisi. Kompresa ya pili ilikuwa inafanya kazi kwa taabu, imejaa gesi kupita kiasi chake, maana wote waliotangulia walikuwa wameiongezea hiyo hiyo inayonguruma. Kompresa ya kwanza ilikuwa imelala, vumbi limetulia juu yake kama juu ya kabati la kale. Koili zake zilikuwa nzima na gesi yake haijapungua. Ilikuwa tu haijaambiwa iwake, na ukitazama lile vumbi, ilikuwa haijaambiwa kwa miezi.

Shida ya namna hii nimekutana nayo mara nyingi kiasi kwamba naona inafaa kuelezwa kwa kirefu. Mafundi wengi wa viyoyozi tunajua gesi, tunajua kompresa, tunajua kuchomelea mabomba. Zile nyaya nyembamba za rangi rangi zinazotoka ukutani kwenda paani ndizo zinazotutisha, na kwa kuwa zinatutisha tunaanza na kile tunachokijua, yaani chupa ya gesi. Mwenye jengo analipa.

Kengele ya Johnson

Jambo la kwanza la kulishika ni kwamba themostati haiwashi kompresa. Inaomba baridi, basi. Uamuzi wa kuwasha unafanyika kule juu, ndani ya mashine, baada ya ombi hilo kupita kwa walinzi kadhaa.

Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu mjini Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani, na alikerwa na mhudumu wa jengo kuingia darasani kila saa kuangalia kipimajoto. Kifaa alichopata hataza yake mwaka 1883 kilipiga kengele tu. Joto la darasa likibadilika, kengele inalia kule chini kwenye tanuri, na mhudumu anakwenda kufungua au kufunga mlango wa hewa kwa mkono wake. Themostati iliomba, mtu akatenda. Leo nafasi ya mhudumu imechukuliwa na bodi ya umeme, kontakta (swichi nzito inayoiwasha kompresa) na swichi za usalama, lakini mgawanyo wa kazi ni ule ule. Ukisahau hilo utabadilisha themostati tatu mfululizo kwa kosa ambalo halijawahi kuwa ukutani.

Mashine yenyewe ni sanduku moja la bati lenye kila kitu: kompresa, koili ya kupoza, koili ya kutoa joto, feni, vichujio, na milango ya hewa. Hewa ya ndani inapanda kwa mfereji, inapozwa, inashuka kwa mfereji mwingine. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, ambako mapaa ya maduka yamejaa mashine hizi, huziita pakeji. Ukubwa wake hupimwa kwa tani, na tani moja ni BTU 12,000 za joto kwa saa, au kilowati 3.5 hivi. Jina hilo lilitokana na barafu: ndilo joto linaloweza kuyeyusha tani moja ya barafu, tani ya Kimarekani, kwa saa 24.

Kompresa za mashine kubwa huku kwetu hula umeme wa fezi tatu, volti 380 hadi 415. Hakuna anayetaka umeme huo uteremke hadi ukutani pale mtoto anapoweka kidole. Kwa hiyo ndani ya sanduku kuna transfoma ndogo inayoushusha hadi volti 24, na hizo 24 ndizo zinazosafiri. Transfoma yenyewe ni dhaifu kwa makusudi. Ya VA 75 (volti mara ampea), kwa mfano, haiwezi kutoa zaidi ya ampea 3 hivi. Inatosha kuvuta koili za kontakta, zile sumaku za umeme zinazofunga swichi, na kuendesha bodi. Haitoshi kuunguza jengo.

Herufi kwenye tamino

Fungua themostati yoyote ya mashine hizi na utakuta herufi kwenye tamino, vile vishikio vya nyaya. R ni mahali volti 24 zinapoingilia. C ni mahali zinaporudia kwenye transfoma kukamilisha saketi. G ni ombi la feni. Y1 ni ombi la baridi la hatua ya kwanza, Y2 la hatua ya pili, na W ni ombi la joto, ambalo Mombasa na Dar es Salaam halina kazi. Kazi nzima ya themostati ni kuunganisha R na mojawapo ya herufi hizo. Chumba kikipata joto, R inaungana na Y1 na G. Kikipoa, zinaachana. Hata themostati ya bei mbaya yenye kioo cha kugusa na intaneti, ukiivua urembo wake wote, ni swichi chache zinazofunga na kufungua.

Baadhi ya mashine zinaweza kugeuza mzunguko wa gesi ili zitoe joto badala ya baridi. Hizo zina herufi O au B kwa ajili ya vali ya kugeuza. Watengenezaji wengi huipa vali umeme wakati wa kupoza, ambayo ni O. Rheem na Ruud wanajulikana kwa kuipa umeme wakati wa kupasha, ambayo ni B. Ukikosea hapo, au ukisahau kuiambia themostati kwenye mipangilio yake kwamba mashine ni ya aina hiyo, mteja ataomba baridi na kupuliziwa joto, na atakupigia simu kabla hujafika barabarani.

Sasa rangi. Mazoea ya Kimarekani ni R nyekundu, Y njano, G kijani, W nyeupe, C buluu au nyeusi. Ni mazoea tu. Waya hausomi rangi yake, na aliyekutangulia huenda alitumia alichokuwa nacho mfukoni. Lakini kwetu Afrika Mashariki kuna hatari ya ziada ambayo miongozo ya huko haiitaji. Sisi tumerithi rangi za Waingereza: kwenye nyaya za zamani za umeme mkubwa, nyekundu, njano na buluu ni fezi, na nyeusi ni nyutro. Kwenye nyaya mpya, kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, na buluu ni nyutro. Kwa hiyo ndani ya sanduku moja paani unaweza kukuta waya mwekundu wa volti 24 na waya mwekundu wa volti 240, kila mmoja kwa haki yake. Buluu inaweza kuwa C, nyutro, au fezi ya tatu. Mimi siamini rangi. Napima, kisha navika kila waya lebo.

Hatari ya pili iko dukani. Themostati nyingi zinazouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya Nairobi zimetengenezwa kwa ajili ya viyoyozi vya hoteli, vile vya maji baridi vyenye feni ya kasi tatu. Hizo zinaingia volti 230 moja kwa moja, na nyuma yake zimeandikwa L na N pamoja na kasi za feni. Kwa sura zinafanana na zile za volti 24 kama pacha. Ukiifunga hiyo na kuipa volti 24, haitawaka kabisa. Ukiilisha 230 na kupeleka nyaya zake za kutokea kwenye Y na G za mashine ya paani, utachoma bodi kwa sekunde moja, na bodi hiyo huenda ikaagizwa kutoka ng'ambo kwa wiki sita. Geuza kifaa usome mgongo wake kabla ya kulipa.

Kuhusu C kuna neno moja. Themostati za zamani zenye kichupa cha zebaki hazikuhitaji waya huo, kwa sababu swichi tupu haihitaji chakula. Za kisasa zina kioo na redio, zinataka kula muda wote. Ukiifunga bila C, nyingine zitajaribu kuiba umeme kidogo kupitia Y, na umeme huo wa wizi unaweza kuifanya relei ya juu, swichi ndogo inayovutwa na umeme, itetemeke au mashine iwake bila kuitwa. Ikiwa unapitisha kebo mpya, pitisha yenye nyaya nane hata kama leo unahitaji tano. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko kurudi kufungua dari.

Walinzi wa njiani

Tufuate Y1 sasa. Themostati imeunganisha R na Y1, na volti 24 zimepanda paani hadi tamino ya Y1 ya mashine. Lengo lake ni koili ya kontakta, ile swichi nzito ambayo ikivutwa hufunga fezi tatu na kuiwasha kompresa. Kati ya tamino na koili kuna walinzi, wamepangwa mmoja baada ya mwingine kwenye waya ule ule, na yeyote akikataa, safari inaishia kwake.

Mlinzi wa presha ya juu anakata pale gesi inapobanwa kupita kiasi. Kwa mashine za gesi ya R-410A mara nyingi amewekwa kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 600 na 650. Akikata, tazama koili ya nje imejaa vumbi au feni yake imekufa. Mlinzi wa presha ya chini anakata gesi ikivuja. Mlinzi wa barafu amebandikwa kwenye koili ya kupoza, na akikata mara nyingi kosa ni kichujio kilichoziba hadi hewa haipiti. Kwenye sinia ya maji kuna swichi ya boya inayokata umeme maji yakijaa, kabla hayajamwagikia kwenye dari ya mwenye duka. Halafu kuna saa ya kuchelewesha, dakika 3 au 5, inayoizuia kompresa kuwaka tena mara tu baada ya kuzima, kwa sababu presha ya pande mbili inahitaji muda wa kusawazika. Mafundi wengi wamebadilisha kontakta nzima ndani ya dakika hizo tano, mashine ikawaka, wakaamini wametibu.

Mlinzi mmoja hasimami na wenzake. Kihisi moshi cha ndani ya mfereji kimewekwa kwenye R yenyewe, mzizi wa kila kitu, ili kikinusa moshi mashine nzima inyamaze pamoja na feni. Sababu yake inatisha ukiifikiria: feni ya paani inavuta hewa kutoka kila chumba na kuirudisha kila chumba, na moto ukianza jikoni feni hiyo itapeleka moshi hadi kwenye vitanda vya wagonjwa au madawati ya watoto. Kanuni za Marekani zinakidai kwenye mashine zinazosukuma zaidi ya futi za ujazo 2,000 za hewa kwa dakika. Nimewahi kukuta kimeunganishwa moja kwa moja kwa kipande cha waya kwa sababu "kilikuwa kinasumbua". Kilisumbua kwa sababu hakikuwahi kupanguswa vumbi. Nilikipangusa, nikatoa kile kipande cha waya, nikakaa na mwenye jengo nikamweleza kitu gani kilikuwa kimeondolewa juu ya vichwa vya watu wake.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote tabia ya kuwaruka walinzi hawa. Kuruka kwa dakika moja ili kupima ni kazi ya fundi. Kuruka na kuondoka ni kumwachia mtu mwingine maiti ya kompresa, au maiti halisi.

Na wala huhitaji kuruka ili kujua nani amekataa. Mita inatosha. Kwanza, kumbuka kuwa chini ya kifuniko hicho hicho kuna volti 400. Vidole viwe mbali na kontakta, na kama unataka kukaza tamino yoyote, zima meni swichi ya paani, weka kufuli, funguo mfukoni mwako. Kisha, mashine ikiwa hai na themostati ikiomba, weka ncha nyeusi ya mita kwenye C na usiitoe hapo. Ncha nyekundu gusa R: unataka 24 hadi 28. Gusa Y1: ile ile. Sasa fuata waya. Kabla ya mlinzi wa kwanza, 24. Baada yake, 24. Kabla ya wa pili, 24. Baada yake, sifuri. Umempata. Hujafungua chupa ya gesi, hujakisia.

Ikiwa R ina 24 lakini Y1 haina kitu, kosa liko chini, kwenye themostati au kebo yake. Chomoa Y1 na unganisha R na Y1 kwa kipande cha waya pale pale paani kwa dakika chache. Mashine ikiwaka, shuka ukashughulike na ukuta. Usiunganishe R na C kwa waya hata kidogo. Hiyo ni shoti, na fyuzi ya bodi, ambayo mara nyingi ni ile ya gari ya ampea 3 ya zambarau au ya 5 ya kahawia hafifu, itakwenda. Ukikuta fyuzi hiyo imekatika tayari, jua waya fulani umechubuka na kugusa bati au mwenzake. Chomoa nyaya zote za themostati, weka fyuzi mpya, rudisha waya mmoja mmoja hadi ikatike tena. Mimi hubeba breka ndogo ya ampea 3 yenye vibanio na kuiweka mahali pa fyuzi wakati wa kutafuta, nisimalize pakiti nzima.

Hewa ya Nairobi na plagi iliyoachwa ikining'inia

Ukumbini, R ilikuwa na 26. Y1 ilikuwa na 26, Y2 pia. Koili ya kontakta ya pili ilikuwa na 26. Koili ya kontakta ya kwanza, sifuri. Nikafuata waya wa Y1 kutoka kwenye tamino, nikitarajia kukutana na swichi ya presha. Badala yake waya uliingia kwenye shada la nyaya na kutokea upande wa hewa ya nje, ukaishia kwenye plagi nyeupe yenye matundu kumi na mbili, inaning'inia, haijachomekwa popote.

Plagi hiyo ilikuwa ya kifaa cha kupozea kwa hewa ya nje. Kwenye mashine zilizo nacho, Y1 haiendi kwa kompresa kwanza. Inakwenda kwenye kifaa hicho, na swali linaulizwa: je, hewa ya nje sasa hivi ni baridi ya kutosha? Kama ndiyo, mlango wa hewa ya nje unafunguka wazi, feni inavuta baridi ya bure, na kompresa inaachwa ilale. Ombi likizidi, Y2 ikiita, ndipo kompresa ya kwanza inaongezwa. Kama hewa ya nje haifai, kifaa kinaipitisha Y1 hadi kwa kompresa kama kawaida.

Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni mahali ambapo kifaa hiki kinalipa. Jioni ya Julai nje kuna nyuzi 14 au 15, na ukumbi wenye watu mia tatu bado unahitaji kupozwa. Kuwasha kompresa wakati huo ni kununua maji mtu akiwa amesimama mtoni. Ukikipeleka Mombasa au Dar es Salaam mambo yanageuka, kwa sababu ya unyevu. Usiku kipimajoto kinaweza kusoma 24, lakini hewa imelowa, na kuukamua unyevu huo kunaila mashine kuliko joto lenyewe. Kwa hiyo pwani, kifaa kinachopima joto peke yake kitaingiza hewa mbaya kikidhani kimepata baridi ya bure. Kinatakiwa kile kinachopima joto na unyevu kwa pamoja, na hicho kwa siku nyingi za mwaka kitasema hapana. Muscat mwezi wa Juni hakuna hata haja ya kuuliza.

Hapo ukumbini, mlango wa hewa ya nje ulikuwa umekwama kwa kutu, fundi fulani akakitoa kifaa na kuondoka nacho. Kiwandani, mashine isiyo na kifaa hiki hufungwa plagi fupi inayounganisha Y1 inayoingia na Y1 inayotoka. Yeye hakuifunga. Tangu siku hiyo ombi la hatua ya kwanza lilikuwa linapanda paani kila siku na kufia kwenye plagi. Joto lilipozidi, Y2 ikaita, kompresa ya pili ikawaka peke yake, nusu ya mashine ikibeba ukumbi mzima. Mara mbili ikaongezewa gesi kwa kosa la kutoweza kazi ya wawili.

Niliunganisha matundu mawili kwa waya uliofungwa vizuri na kuandikwa lebo. Kompresa ya kwanza iliunguruma, ikakohoa kidogo, ikatulia. Kazi ndefu ya siku hiyo ilikuwa kuitoa gesi iliyozidi kwenye ile ya pili na kuipima upya. Wiki mbili baadaye tulifunga mlango mpya wa hewa na kifaa kipya.

Waya mrefu na feni

Kebo ya themostati inaweza kuwa sahihi kwa kila rangi na bado ikashindwa kwa urefu. Chukua waya wa milimita za mraba 0.75, mita 80 kutoka ukutani hadi paani. Kwenda na kurudi ni mita 160, ukinzani wa omu 4 hivi. Koili ya kontakta ikishashika hula takriban ampea 0.4, na hapo unapoteza volti 1.6, jambo dogo. Lakini sekunde ile ya kuvuta inaweza kutaka ampea 2. Mara nne, volti 8 zimepotea njiani, koili inapata 16, inajaribu kushika, inaachia, inajaribu tena. Utaisikia ukiwa mbali: tra-tra-tra. Kila mtikisiko mmoja ni cheche kwenye meno ya kontakta, na meno yakiungana kompresa haitazimika tena. Ukitumia waya wa 1.5 hasara inapungua kwa nusu. Njia nyingine ni kuweka relei ndogo paani, inayohitaji umeme kidogo kuvutwa, nayo ndiyo ivute kontakta kwa volti zilizo pale pale. Mashine mpya zenye bodi zimeshalitatua hili, kwa kuwa bodi hupokea ombi kwa umeme kiduchu. Shida iko kwenye zile ambazo Y inaingia moja kwa moja kwenye koili.

Usiilaze kebo hii kwenye bomba moja na umeme mkubwa. Kwanza ni hatari, ganda likichubuka volti 240 zitashuka hadi ukutani. Pili, umeme mkubwa huambukiza jirani. Utapima waya uliochomolewa kabisa na mita itakuonyesha volti 8 au 10 za mzimu, na kama ni waya wa sensa, yaani kihisi joto, themostati itasoma joto linalorukaruka. Sensa za mbali zipitishiwe kebo iliyosokotwa yenye kinga, na kinga hiyo iunganishwe athi upande mmoja tu.

Feni, yaani G, watu huidharau. Nyumbani ni sawa ikizima pamoja na kompresa. Kwenye duka, darasa au zahanati, feni ndiyo inayoleta hewa safi kutoka nje, na ikizima watu wanabaki wanavuta pumzi za wenzao. Saa za kazi iwekwe kwenye kuwaka muda wote. Saa za usiku ifuate kompresa. Themostati za biashara zina ratiba ya saa za watu na saa zisizo na watu kwa kazi hiyo hasa.

Kuhusu mahali pa kuifunga themostati nitasema machache. Mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na jua, mlango, friji na tundu linalopuliza baridi. Kisha ziba tundu la waya nyuma yake. Hili la mwisho wengi hawalijui: hewa ya moto ya juu ya dari hushuka ndani ya ukuta na kutokea kwenye tundu hilo, inaipuliza sensa mgongoni, na themostati inasoma 29 chumba kikiwa 24.

Umeme ukirudi

Kompresa nyingi za sasa ni za aina ya konokono, bamba mbili za mzunguko ambazo moja huzungukia ndani ya nyingine. Zinabana gesi zikizunguka upande mmoja tu. Zile za pistoni za zamani hazikujali, ndiyo maana fundi aliyejifunzia kwenye pistoni anaweza asifikirie kabisa mpangilio wa fezi. Konokono ikigeuzwa hupiga kelele kama debe la kokoto, inakula ampea chache, presha za pande mbili zinakaribiana, na chumba hakipoi. Feni ya gurudumu nayo inadanganya: ikizunguka kinyume bado hupuliza upande ule ule, ila hewa inakuwa dhaifu.

Kwetu fezi hugeuka hasa jenereta mpya inapofungwa, au nguzo ikianguka na nyaya kurudishwa kwa mpangilio mwingine. Mlinzi wa fezi, kisanduku kidogo chenye taa, anakata volti 24 akiona mpangilio umegeuka au fezi moja imekosekana. Umeme ukiwa wa kawaida mashine inafanya kazi, jenereta ikiwaka mashine inagoma. Hapo usiguse mashine. Nenda ukabadilishe fezi mbili upande wa jenereta, kabla ya swichi ya kubadilishia. Ukizibadilisha paani, itafanya kazi kwa jenereta na kugoma umeme ukirudi.

Jengo likiwa na mashine sita au kumi, zipe kila moja ucheleweshaji tofauti, ili umeme ukirudi zisiruke zote kwa pamoja na kuangusha breka kuu. Na zikiwa nyingi hivyo huenda themostati zenyewe zimeungwa kwenye kompyuta moja kwa BACnet au Modbus, lugha ambazo mashine za jengo hutumia kuwasiliana. Waya wa mtandao huo upitie mashine moja hadi nyingine kama uzi kwenye shanga, usitawanywe kama matawi, na kila mwisho uwekewe kizuizi cha omu 120.

Kabla sijashuka kwenye paa lolote huandika upande wa ndani wa kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe, volti za R kwa C mashine ikiwa imepumzika na ikiwa inafanya kazi, rangi gani ni herufi gani, kila mlinzi yuko wapi, na chochote nilichobadilisha. Pale ukumbini niliandika pia kwamba plagi nyeupe ni ya hewa ya nje, na isichomolewe bila kuunganisha Y1. Msimamizi alipanda ngazi kuja kuona, akasoma, akapiga picha kwa simu yake. "Hata mimi nimeelewa hii," akasema, kisha akaniuliza ile gesi ya mara mbili angemdai nani.